Mama Upawa na Mgao wa Vidonge

Wanawake wengi mtaani kwetu huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Huyu ninayemsimulia aliitwa kwa jina la chombo, na chombo chenyewe kilikuwa mali ya shule. Mama Upawa alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya saluni yangu, na upawa wake wa bati, mpini umezungushiwa kitambaa ili usimchome, uliheshimiwa kuliko kengele ya mwalimu mkuu. Kengele ikilia, watoto wanaendelea kucheza. Upawa ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, uwanja mzima unanyamaza na foleni inajinyoosha yenyewe.

Sifa yake ilikuwa moja tu, haki. Anachota, anatikisa mkono kidogo ili kilichozidi kirudi sufuriani, anamimina, anaita mwingine. Mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule alipata upawa mmoja. Mtoto aliyekuja na sahani iliyotoboka naye alipata upawa mmoja, akaambiwa azibe tundu kwa kidole. Kuna siku mwalimu mkuu alileta mgeni kutoka ofisi za juu, mtu wa tai na kitambi, akamkonyeza Mama Upawa ili amtafutie mgeni minofu ya chini. Mama Upawa akachota, akatikisa, akamimina mchuzi na kipande kimoja kisichojulikana kama ni nyama au ni kiazi.

"Nyama ipo, mgeni," alimwambia. "Imeenea tu."

Yeye mwenyewe alikula mwisho, tena ukoko. Kwenye harusi na misiba waliitwa wapishi wengi, lakini mgawaji alikuwa mmoja. Nimeona ndugu waliotoana ngeu kwa ajili ya nyumba ya marehemu wakikubaliana angalau kwamba sahani zao zilikuwa sawa. Mimi ni msusi, na kichwa cha mtu ukikishika muda mrefu kitatoa yaliyomo. Katika vichwa vyote nilivyoshika, sijasikia mmoja akisema Mama Upawa alimpunja. Walimsema kwa jingine. Walisema hazai.

Huo ulikuwa uongo, na hasira zangu kwa waliousema hazijaisha mpaka leo. Alikuwa amebeba mimba mbili. Zote zilipofika miezi ambayo mama ameshaanza kukunja vijinguo na kuvikunjua tena, presha ilipanda, uso ukaumuka, akaanza kuona vimulimuli mchana kweupe, na watoto wakatoka bila sauti. Baada ya yule wa pili, siku ya kwanza alipotoka nje alikuja kwangu kusuka. Nilipofika mistari ya mwisho, alifumba macho.

"Hivi wenzangu wanagawiwa wapi, mdogo wangu?" akaniuliza. "Mbona na mimi foleni nilipanga?"

Nikachukua mafuta ya nywele nikampaka, kwa sababu hilo ndilo nililolijua.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya tatu, na mimi nikiwa na ya kwangu, mtaa mzima ulianza kutembea kwa ncha za vidole kana kwamba mtoto alikuwa amelala njiani. Tukaanza kliniki pamoja. Siku ya kwanza walituchukua damu, na tuliporudi kuchukua majibu, kijana wa maabara alimwambia Mama Upawa, huku anatazama pembeni, kwamba mafuta kwenye damu yake yamepanda. Hakueleza zaidi. Alikuwa na foleni, na siku hizi maneno nayo yanatolewa kwa upawa mmoja mmoja.

Mume wa Mama Upawa ni fundi wa mageti, mtu mwenye mapenzi makubwa na fikra za chuma. Kwake yeye kila tatizo linakatwa au linachomelewa. Hili aliamua kulikata. Jioni hiyo hiyo alilibeba dumu la mafuta ya kupikia akanipa mimi, na sikumkatalia. Nyumbani kwao ikawa chemsha kwa chemsha. Mboga zilichemshwa, viazi vilichemshwa, na mayai yaliyozoea kukaangwa yakachemshwa kwa nguvu. Karanga zikapigwa marufuku. Mke alipokuja kusuka, fundi alimfuata mpaka mlangoni.

"Shemeji, usimpake mafuta kichwani," alinionya. "Yanaweza kupenya."

"Yakapenye wapi, shemeji?"

"Kwenye damu. Si ndiyo iko chini ya ngozi?"

Nikamsuka mkavu. Alipotoka, kichwa chake kilikuwa kimepauka kama ukuta uliopigwa chokaa. Mama Upawa hakulalamika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwanamke yule angekubali kula mawe ya kuchemsha kama yangemfikisha.

Aliyetuokoa ni mkunga wa kliniki, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alipomwona Mama Upawa anapungua badala ya kuongezeka, akamwita na fundi wake. Akasikiliza habari ya dumu mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Baba, mama akiwa mjamzito mafuta kwenye damu yanapanda," alisema. "Ni kawaida. Mwili unamwekea mtoto akiba ya chakula na ya kujengea. Mkeo haumwi, ameweka stoo. Wewe umeenda kumfungia stoo na kufuli."

"Sasa mbona yule kijana…"

"Yule kijana nitaongea naye. Wewe rudisha mafuta jikoni, na karanga, na mboga za majani ziungwe. Zikianza kuogelea ndiyo uje unishtakie."

Fundi alikuja kuchukua dumu lake. Lilikuwa limepungua kidogo, lakini alikuwa na aibu ya kutosha na hakuuliza.

Haikupita muda, Profesa akaja. Jina lake alitutajia, refu, lina vyeo mbele na nyuma, lakini sisi tulibaki na Profesa. Alitukusanya kwenye benchi la kliniki, akasimama mbele yetu na shati jeupe ambalo halijawahi kuona kliniki, akasema amekuja kuchunguza uhusiano wa lipidi za damu, msongo oksidishi na vitamini E katika ujauzito. Benchi lilimtazama kwa adabu. Mmoja wetu akapiga makofi, akidhani amemaliza.

Mkunga akasogea mbele.

"Mnajua mafuta ya kukaangia yakirudiwa na kurudiwa?" aliuliza. "Yanageuka rangi, yananuka, yanakwaruza koo. Moto na hewa vimeyaharibu. Haya, mafuta ya kwenye damu nayo yanaweza kuharibiwa, na hewa hii hii tunayovuta ina mkono wake humo. Mwili una walinzi wa kuyakinga, na mlinzi mmoja anaitwa vitamini E. Mnampata kwenye karanga, alizeti, mboga za majani. Mafuta yakiharibika sana huenda yanaumiza mishipa, na mishipa ikiumia ndiyo ile presha ya mimba. Sasa Profesa anauliza hivi: tukiongeza walinzi kwa vidonge, presha itapungua au itabaki vile vile?"

Pale tulielewa vizuri. Au tuseme, kila mmoja alielewa kipande alichokipenda. Mimi nilielewa karanga. Mama Upawa alisikia neno moja, presha, na nikaona mkono wake umeshuka tumboni ukakaa pale.

Kisha Profesa akaharibu. Akasema, kwa furaha kabisa, kwamba nusu yetu tutapewa vidonge vyenye vitamini na nusu vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na vitamini. Makopo ya kundi moja yana doa jekundu kwenye kifuniko, ya kundi jingine doa la kijani. Nani kapata nini, hata yeye hajui. Anajua mtu mmoja tu, naye yuko mji mwingine.

"Yaani nusu tunadanganywa?" aliuliza dada mmoja muuza mitumba, tumbo lake likiwa mbele kama hoja.

"Hapana, mama. Hamdanganywi. Nimewaambia."

"Umetuambia kwamba tunadanganywa."

Profesa akacheka kidogo, akaeleza tena kwa maneno marefu zaidi, akatuuliza kama kuna swali, na kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi, akadhani tumeridhika. Alitugawia makopo. Mimi nilipata kijani. Mama Upawa alipata jekundu. Alilishika kopo lake, akatazama la jirani, akatazama benchi lote kutoka mwanzo hadi mwisho, na nikajua kitakachofuata. Maisha yake yote hakuwahi kuona sufuria moja wengine wanachotewa nyama, wengine maji ya moto.

Tulipofika langoni alitusimamisha.

"Huyu baba ni msomi, lakini hajawahi kugawa chakula," alisema. "Nusu wale, nusu watazame? Tumboni mwa nani kuna mtoto wa kutazama? Nipeni makopo."

Hakuna aliyebisha. Makopo yote yaliingia kwenye sufuria yake kubwa yenye mfuniko, na mchana, kazi za nyumbani zilipopungua, benchi lilihamia saluni kwangu. Akafunga pazia. Akamimina vidonge vyote kwenye beseni, vidogo, laini, vya manjano, vya doa jekundu na vya doa la kijani havitofautiani hata kwa dawa. Akavikoroga kwa mkono alionawa mpaka kwenye kiwiko. Kisha akarudisha kwenye kila kopo idadi ile ile iliyotoka, ili msaidizi wa Profesa akihesabu asikute kasoro. Kila mtu akaondoka na mchanganyiko wake. Penye wengi hapaharibiki neno, tukasema, tukajipongeza. Ikawa ndiyo desturi yetu kila siku ya kliniki. Kule Profesa anagawa kisomi, huku Mama Upawa anagawa upya.

Ningependa hadithi iishie hapo, maana hapo ni ya kuchekesha. Lakini saluni yangu ina kioo kikubwa.

Ilikuwa mgao wa pili au wa tatu. Mama Upawa alifika kabla ya wenzake na sufuria yake, akakaa nyuma yangu kwenye kiti cha wateja. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nasuka mteja, lakini kwenye kioo namwona mzimamzima. Akafungua kopo jekundu, lake. Akachukua sindano yangu ya kushonea nywele, akatoboa kidonge, akaminya tone kwenye kidole. Lilikuwa zito, la kunata. Akalinusa, akalionja, akakunja uso. Akafungua kopo la kijani la mtu mwingine, akatoboa. Hili lilitoka jepesi, angavu. Akalisugua kwa vidole, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa polepole, kama nilivyowahi kumwona akifanya dukani anapochagua mafuta ya shule.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akamwaga vidonge vya kopo lake jekundu kwenye beseni. Akavichukua vile vya kijani, vyote, akavitia kwenye kopo lake. Akafunga kifuniko, akaliingiza kwenye mkoba, akaweka mkoba miguuni na kuubana kwa visigino.

Wenzake walipofika walikuta beseni limeshajaa na mkono unakoroga. Idadi ilitosha. Hata kimoja hakikupungua. Hakuiba hesabu, aliiba ubora. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hiyo kata ilikuwa ni mimi.

Nilikasirika, nisidanganye. Mimi pia nilikuwa na tumbo. Kama vya kijani ndivyo vyenye nguvu, basi kopo alilolichagua lingeweza kuwa langu, na kwa jinsi nilivyokuwa nikilijua doa la kopo langu, nafikiri lilikuwa langu kweli. Mteja niliyekuwa nikimsuka alitoka na macho yamevutwa mpaka karibu na masikio, akashukuru kwamba nywele zitadumu. Nilipanga kumwaibisha Mama Upawa mbele ya wote. Nilitunga na maneno. Usiku wa hasira huwa una maneno mazuri.

Lakini kesho yake nilimwona kupitia dirisha, kwenye uwanja wa shule, anagawa uji. Anachota, anatikisa, anamimina. Foleni ikaisha. Akakwangua ukoko wake, akakaa kwenye kigogo, akafungua mkoba, akatoa kidonge akakimeza kwa maji huku amefumba macho. Midomo yake ikawa inacheza. Nikayaona tena yale macho ya siku ile ya mistari ya mwisho. Maneno yangu yote mazuri yakanitoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa ameujua mara mbili bila kupewa mwana. Nikanyamaza, na mgao uliofuata akarudia vile vile, nikaendelea kusuka.

Miezi ikasogea. Wajawazito wa Profesa tuliitwa kliniki mara nyingi kuliko wengine, tupimwe damu, mkojo na presha, na tulilalamika sana kwa ajili ya miguu. Siku moja mkunga akamfunga Mama Upawa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Akafungua. Akafunga tena. Sauti yake ya kuamsha wodi ikashuka.

"Leo hurudi nyumbani, mama."

Nilipokwenda kumwona wodini, fundi alikuwa amesimama kwenye korido, miwani ya kuchomelea bado ipo kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka kazini hivyo hivyo. Aliniuliza kama presha inaweza kukatwa. Nikamwambia wanaikata kwa dawa. Akafurahi kusikia neno analolijua, kisha akageukia ukuta ili nisimwone usoni.

Mama Upawa alilala kwa ubavu, uso umevimba, mkononi ametundikiwa dripu. Kopo lake la doa jekundu lilikuwa chini ya mto.

"Nimekunywa vyote, mdogo wangu," alisema kwa kunongʼona. "Sijaruka hata siku moja. Mbona inapanda?"

"Usiongee. Pumzika."

"Labda ni adhabu."

"Adhabu ya nini?"

"Ya mambo," akasema, akafumba macho. Nilimshika mkono mpaka muuguzi aliponitoa. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyoogopa kwa ajili yangu, na nilimchukia Profesa, na benchi, na vidonge vya rangi zote.

Hawakusubiri afikie vimulimuli. Walimpa dawa ya kushusha presha na sindano ya kuzuia degedege, wakamlinda mchana na usiku, na walipoona mwili unakataa kungoja, wakamtoa mtoto kabla ya wakati wake. Msichana, mdogo kama mkate. Mkunga alitusimulia kwamba chumba kilinyamaza kidogo, halafu ikatoka sauti, nyembamba, yenye hasira, na mama yake akauliza, "Ni ya nani hiyo?" Wakamwambia, "Ni yako." Akauliza tena.

Watoto wa shule walipoletewa habari walimpa jina wenyewe. Mtoto wa Upawa ataitwa nani? Kijiko.

Huku nyuma Profesa alikuwa katika mateso yake. Alipima damu zetu akategemea nusu ziwe na vitamini tele na nusu ziwe za kawaida. Karibu zote zikafanana. Akailaumu mashine, akaleta nyingine. Ikasema vile vile. Akalaumu friji. Akamleta fundi wa friji kutoka mbali, akaikuta friji nzima, akaitengeneza hata hivyo. Akalaumu umeme, jua, na yule kijana wa maabara, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na kosa. Katika wote aliowauliza, hakumuuliza hata mwanamke mmoja wa benchi. Siwezi kumlaumu sana. Sisi tulikuwa mikono ya kutolewa damu, na mkono hauulizwi.

Mwisho alituita wote, wenye matumbo na wenye watoto mgongoni, nami wangu nimembeba. Mtu wa mji mwingine alikuwa amempigia simu.

"Leo nawafungulia siri," alisema, amechoka, shati jeupe limeanza kufanana na la kliniki. "Doa jekundu ilikuwa vitamini E. Doa la kijani yalikuwa mafuta ya kupikia tu. Mafuta mazuri, masafi, lakini ya kupikia."

Nilimtazama Mama Upawa. Kijiko alikuwa amelala kifuani kwake. Rangi ilimtoka, ikarudi, ikamtoka tena. Ulimi wake haukuwa umekosea hata kidogo. Uliambiwa uchague, ukachagua mafuta bora ya kukaangia. Miezi yote ile, mara ya pekee katika maisha yake alipojichotea cha chini ya sufuria, alikuwa amejichotea mafuta ya maandazi, na mlinzi wake akammwaga kwenye beseni letu.

"Kinachonishinda," Profesa akaendelea, "ni kwamba damu zenu karibu zote zinafanana. Sielewi. Kitaalamu haiwezekani."

Muuza mitumba akaanza kukagua kucha. Mama Upawa akasimama.

"Tuligawana," alisema.

"Mligawana nini?"

"Vidonge. Tulivichanganya beseni moja, tukagawana sawa. Wewe ulisema nusu wapate, nusu wakose. Sisi hatukulelewa hivyo."

Profesa akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka. Alipokipata akakaa.

"Mama," alisema taratibu, "mimi sikujua kama vinasaidia. Hakuna aliyejua. Je, kama vingekuwa na madhara? Mngekuwa mmegawana madhara. Vile vidonge havikuwa zawadi, vilikuwa swali. Na swali langu mmelila."

Hapo benchi lote likainama, maana kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa ameongea kwa kifupi, na alikuwa na haki.

"Ungetuambia hivyo siku ile," alisema Mama Upawa.

"Nilisema."

"Ulisema umesimama. Na ulikuwa na haraka."

Mkunga akakohoa, na sijui kama kilikuwa kikohozi. Mama Upawa akauliza jambo lililokuwa linamkaba: basi ni nini kilichomwokoa mwanawe? Mkunga ndiye aliyejibu. Kidonge hakijulikani, alisema. Kinachojulikana ni kwamba ulikuja kila ulipoitwa, tukapima, tukaiona presha mapema kabla haijakuona wewe. Profesa akasema ataanza upya, na safari hii atakaa kwenye benchi, aulizwe mpaka watu wachoke. Tulimwambia aje na chai.

Kijiko alipopata nyama za mashavuni, Mama Upawa alitualika benchi zima kwake. Sufuria ilipoteremshwa jikoni tulijipanga wenyewe kwa mazoea. Yeye akachukua upawa, akautazama, akaninyooshea mimi.

"Leo sigawi."

"Kwa nini?" wakauliza.

"Kwa sababu nilijichagulia. Kule saluni, nilikuwa naonja vidonge, nachukua nilivyoviona vizuri, kisha nawachanganyia vilivyobaki. Nilitaka mtoto. Sina maneno mengine."

Niliogopa, maana watu husamehe mwizi wa kawaida, lakini mwadilifu akiteleza mara moja hawamsahau. Halafu muuza mitumba akauliza, kama anayepiga hesabu kichwani:

"Ulivyoviona vizuri ndivyo vipi?"

"Vya kijani."

"Ukatuachia vyekundu?"

"Nikawaachia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Ametuibia mafuta ya kupikia!" Wote wakaangua kicheko, Kijiko akaamka na kulia kwa ile sauti yake, na kicheko kikazidi. Mama Upawa alikuwa analia na kucheka, vyote kwa pamoja, hajui kipi akipe nafasi.

Akanisogelea, akasema chini chini. "Wewe hushangai. Uliniona?"

"Nina kioo, dada."

"Na hukusema."

"Ningesema nini?"

Nikaanza kugawa. Sina mkono wake, wengine nilizidisha, wengine nilipunguza, na walilalamika kama watu wa kawaida. Sahani yake niliiacha mwisho. Hakukuwa na ukoko safari hii. Niliingiza upawa mpaka chini nikaibuka na minofu, nikamimina bila kutikisa. Nikarudia. Akaisukuma sahani.

"Hii nyingi, mdogo wangu. Rudisha."

"Kula," nikamwambia. "Foleni ulipanga."

Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akanawa wa kulia, akala yote.